James Thurber: Nuru ilipofifia, maono yakaja

Mwandishi wa vichekesho na mchoraji vibonzo James Thurber alizaliwa mjini Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, tarehe 8 Desemba mwaka 1894.

Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka sita, alipigwa mshale jichoni na kaka yake walipokuwa wakiigiza kisa cha William Tell. Jicho hilo liliondolewa, na lile la pili likadhoofika mwaka hadi mwaka.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State mwaka 1913, lakini akaondoka bila shahada, kwani macho yake hayakumwezesha kukamilisha mafunzo ya kijeshi yaliyokuwa ya lazima. Chuo kilimtunuku shahada mwaka 1995, miaka 34 baada ya kifo chake.

Aliliandikia gazeti la Columbus Dispatch, kisha mwaka 1927 akajiunga na jarida la The New Yorker, lililomletea umaarufu.

Maruweruwe bila wazimu

Thurber alisimulia kwa mzaha mambo aliyoyaona miwani yake ilipovunjika: bendera ya Cuba ikipepea juu ya benki, na bibi kizee akipenya ubavuni mwa lori.

Miaka mingi baadaye, mtaalamu wa ubongo V. S. Ramachandran alisema huenda Thurber alikuwa na hali iitwayo Charles Bonnet. Bonnet, msomi wa Uswisi, aliieleza mwaka 1760 baada ya babu yake, aliyekuwa na mtoto wa jicho, kuanza kuona watu na ndege wasiokuwapo.

Hali hiyo si skizofrenia. Ubongo unapokosa taarifa kutoka machoni, hujitungia picha zake wenyewe. Akili ya mgonjwa huwa timamu, na kwa kawaida hutambua kwamba anachokiona hakipo.

Katika miaka yake ya mwisho Thurber, ambaye sasa alikuwa kipofu, alikuwa na hasira zisizotabirika. Mwezi Oktoba mwaka 1961 alipasuliwa kichwa kutokana na damu iliyoganda ubongoni, na madaktari wakabaini kuwa alikwisha kupata viharusi vidogo kadhaa. Alifariki dunia mjini New York tarehe 2 Novemba.

Afrika Mashariki, mzee anayeona wageni wasiokuwapo sebuleni mara nyingi hunyamaza, akichelea kuitwa mwendawazimu au kuambiwa amepagawa na majini. Maisha ya Thurber yanatukumbusha kwamba, kabla ya kumhukumu, ni vyema apelekwe kupimwa macho.