Aliyeipa Haraka Baraka

Sisi watu wa pwani tumelelewa na msemo kwamba haraka haraka haina baraka. Yuko mtu mmoja aliyeupindua msemo huo, na habari zake zilinijia nilipokuwa nimesimama Kalokol, kando ya Ghuba ya Ferguson, mwendo wa kilomita kama 60 kutoka Lodwar. Mbele yangu palikuwa na jumba kubwa lililojengwa ili kugandisha samaki wa Ziwa Turkana. Nje, akina mama wa Kiturkana walikuwa wakianika samaki juani, kama wafanyavyo mama zetu kwa ng'onda.

Mtu huyo ni Clarence Birdseye, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1886. Chuoni aliingia, lakini fedha zilimwishia akatoka bila shahada. Mwaka 1912 akaenda Labrador, nchi ya baridi kali ambayo leo ni sehemu ya Kanada, kufanya biashara ya ngozi za manyoya. Huko akawaona wenyeji, Wainuiti, wakivua chini ya barafu. Samaki akitolewa majini tu, baridi ya digrii 40 chini ya sufuri ilimgandisha papo hapo akawa mkavu kama ubao. Miezi ikipita, akiyeyushwa, ladha yake ni ya samaki wa leo.

Bwana huyu akataka kujua sababu, akaona kwamba siri ni wepesi. Samaki akigandishwa polepole, maji yaliyomo mwilini hufanya chembe kubwa za barafu, nazo huichana nyama; akiyeyuka huwa teketeke na utamu umemtoka. Akigandishwa upesi, chembe huwa ndogo mno na nyama husalimika. Naam, hapo haraka ikapata baraka!

Aliporudi kwao alifungua biashara New York, ikafilisika. Hakukata tamaa. Akahamia Gloucester, bandari ya wavuvi, akaunda mtambo wa kubana pakiti za samaki baina ya mabamba ya chuma yaliyopozwa. Mwaka 1929 kampuni na hati za uvumbuzi wake zikauzwa kwa dola milioni 22, na Machi 1930 vyakula hivyo vikaingia madukani mjini Springfield, Massachusetts. Alifariki mwaka 1956.

Ilimu yake ndiyo iliyofika Kalokol mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norwei. Jumba likajengwa, mitambo ikawashwa, na baada ya muda mfupi ikazimwa. Kuleta baridi katika jangwa kulitaka mafuta ya gharama kubwa na maji safi mengi, na vyote viwili ni adimu huko. Kisha, katikati ya miaka hiyo, ziwa likapungua na ghuba yenyewe ikakauka. Jumba likaishia kuwa ghala la samaki wakavu.

Msomaji mpenzi, simlaumu Birdseye. Yeye alikwenda ugenini, akaketi na wenyeji, akatazama jinsi upepo wa nchi yao unavyowafanyia kazi bila malipo. Mashine ilifuata baadaye. Kalokol mashine ilitangulia. Kule Labrador Mola aliwapa watu baridi, Turkana akawapa jua, na wale akina mama walilijua hilo tangu zamani. Laiti wangaliulizwa kwanza.