Chester Himes na Askari Kanzu wa Harlem

Chester Himes, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Missouri mwaka 1909, kalamu aliishika gerezani Ohio, alikofungwa mwaka 1928 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwaka 1953, akiwa amechoshwa na ubaguzi wa kwao, alihamia Ufaransa. Huko mhariri Marcel Duhamel alimshawishi aandike riwaya za upelelezi. Ndipo wakazaliwa Coffin Ed na Grave Digger, askari kanzu weusi wa Harlem, New York: wepesi wa bastola, wanaowapiga ndugu zao kwa amri ya wakubwa weupe, na huku wakiwaonea uchungu. Himes hakuwatakasa, na ndiyo sababu twamsadiki. Riwaya yao ya kwanza ilituzwa Ufaransa mwaka 1958. Marekani iliuzwa kama kijitabu cha bei ndogo. Alifariki Hispania mwaka 1984.