Adolf Miethe: Profesa aliyejumlisha rangi, akakwama kwenye dhahabu

Picha ya rangi inayopigwa leo kwa simu, iwe Dar es Salaam au Milola mkoani Lindi, huanza kwa vipimo vya aina tatu za mwanga: mwekundu, kijani na buluu. Hesabu ya kuviunganisha hufanywa ndani ya simu kufumba na kufumbua.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita hesabu hiyo ilifanywa kwa vioo na taa. Mmoja wa walioiwezesha ni mwanasayansi wa Kijerumani, Adolf Miethe, ambaye mwanafunzi wake alifika na kamera ya rangi katika ardhi ambayo sasa ni Tanzania Bara.

Miethe alizaliwa Potsdam mwaka 1862. Mwaka 1887, akishirikiana na Johannes Gaedicke, alitengeneza unga wa magnesiamu uliolipuka kwa mwanga mkali, na wapiga picha wakaweza kufanya kazi gizani. Baadaye alifanya kazi katika viwanda vya lenzi, na mwaka 1899 akawa profesa katika chuo cha ufundi cha Berlin.

Wazo la rangi tatu halikuwa lake. Mskoti James Clerk Maxwell alilionyesha hadharani London mwaka 1861, lakini mabamba ya wakati huo yalikuwa karibu kipofu kwa rangi nyekundu. Mwaka 1902, Miethe na Arthur Traube walipata dawa ya kulifanya bamba lihisi rangi zote, na hapo ndipo wazo la Maxwell likawa kazi ya kila siku.

Kamera yake ilipiga picha tatu mfululizo, kila moja kupitia kichujio chake. Matokeo yalikuwa vivuli vitupu vya kijivu. Vilipomulikwa ukutani kwa taa tatu za rangi zilizolengwa mahali pamoja, mwanga ulijumlika: nyekundu na kijani zikazaa manjano, zote tatu zikazaa weupe.

Kwenye karatasi hesabu iligeuka. Wino hauongezi mwanga, huupunguza. Kwa hiyo mchapaji alitumia wino wa manjano, wa rangi ya waridi iliyokoza na wa samawati, kila mmoja ukimeza sehemu yake ya mwanga.

Programu za kuhariri picha hazijaacha misingi hiyo. Kila nukta hupewa namba tatu, kwa kawaida kati ya 0 na 255. Kuchanganya nukta yenye 200 na yenye 100 kwa nusu kwa nusu huleta 150. Kuzizidisha kisha kugawanya kwa 255 huleta takriban 78, yaani giza zaidi, kama vioo viwili vya rangi vilivyopandanishwa. Picha moja ikitolewa kwenye nyingine iliyo sawa nayo, hubaki weusi mtupu. Mstari wowote unaong'aa huonyesha mahali ambapo hazikuoana.

Kasoro hiyo Miethe aliijua vizuri. Mtu akitikisika kati ya picha ya kwanza na ya tatu, huzungukwa na ukingo wa rangi zisizo zake. Mrusi Sergei Prokudin-Gorsky, aliyejifunza kwake mwaka 1902, aliacha mabamba mengi ya namna hiyo, na Maktaba ya Bunge ya Marekani imeyaunganisha upya kwa kompyuta.

Mwanafunzi aliyefika huku alikuwa Robert Lohmeyer. Kati ya 1907 na 1909 alizunguka makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na picha zake zikatolewa katika kitabu cha fahari kilichohaririwa na Kurd Schwabe. Ni hazina, lakini ni hazina ya kutazamwa kwa tahadhari. Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi wilayani Kilwa, vilikuwa vimekwisha tu, vikiacha njaa kali kusini. Baadhi ya wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa hadi 300,000. Kitabu kile kilikusudiwa kuwapendezesha Wajerumani makoloni yao.

Miethe mwenyewe alizidi kupata heshima, na mwaka 1910 alikuwa katika msafara wa Zeppelin kwenda Spitsbergen. Kisha mwaka 1924, Ujerumani ikiwa imelemewa na fidia za vita, alitangaza pamoja na msaidizi wake Hans Stammreich kuwa zebaki iliyopitishiwa umeme ndani ya taa hugeuka dhahabu.

Magazeti ya dunia yalilipuka. Wakemia, akiwamo Fritz Haber, walipima upya na kukuta kwamba dhahabu ile kidogo ilitokana na uchafu uliokuwamo tangu mwanzo. Profesa aliyefundisha kujumlisha na kutoa rangi hakuwa ametoa kiasi kilichotangulia kuwamo ndani ya taa.

Alifariki dunia Berlin mwezi Mei 1927, mabishano ya dhahabu yakiwa bado mabichi.