Isaac Singer, Bwana wa Cherehani

Tunapolitaja jina la Singer, wengi wetu hatumkumbuki mtu. Twakumbuka chombo: cherehani nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, ambayo fundi aliirithi kwa babake. Kumbe Singer alikuwa mtu, tena mtu wa vituko.

Isaac Merritt Singer alizaliwa tarehe 27 Oktoba, 1811, katika jimbo la New York, Marekani. Alitoka kwao angali mtoto, akajifunza ufundi wa mashine, lakini moyo wake ulikuwa kwenye michezo ya kuigiza. Alizunguka na waigizaji miaka kadhaa, na njaa ilipobisha hodi alirudi kwenye tupa na nyundo.

Mwaka 1850 alikuwa Boston, katika karakana ya Orson Phelps, mahali palipokuwa na cherehani zilizoharibika kila mara. Kile chombo cha uzi wa chini kilizunguka duara, na kila mzunguko uliusokota uzi na kuudhoofisha. Singer akakifanya kiende mbele na kurudi nyuma. Sindano iliyopinda akaiondoa, akaweka iliyonyooka, ya kupanda na kushuka. Kitambaa akakilaza bapa mezani, na juu yake chuma cha kukibana. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi hiyo ilimchukua siku 11 na dola 40 za kukopa. Hati ya uvumbuzi aliipata tarehe 12 Agosti, 1851.

Mimi hushona mashati yangu nyumbani, hapa Migosi, Kisumu, na kazi ya bwana huyu naiona wazi. Mbavu za shati ni mshono wa kunyooka, si kitu. Taabu ni kola. Vipande viwili hushonwa ndani nje, pembe hupunguzwa kwa mkasi, ndipo hupinduliwa. Kitambaa kisipolala sawasawa chini ya kile chuma, pembe moja hutoka ndefu kuliko mwenzake. Kuunganisha mkono wa shati begani nako kwataka mikono yote miwili, kukivuta kitambaa kidogo kidogo. Basi kikanyagio, ambacho Singer alikipa cherehani yake, ni neema: mguu huendesha, mikono huongoza. Vifungo ndivyo ninavyoshona kwa mkono hadi leo.

Mahesabu yaliyochapishwa Marekani miaka ya 1860 yalisema shati la mwanamume lilichukua zaidi ya saa 14 kushonwa kwa mkono, na kwa mashine saa moja na robo hivi. Lakini wanawake waliokuwa wakiishi kwa ujira wa sindano hawakufaidi saa zote hizo. Bei ya kushona shati ilishuka, na asiyekuwa na cherehani alibaki nyuma.

Wala uvumbuzi haukuwa wa Singer peke yake. Elias Howe alikuwa na hati tangu 1846, ya mshono wa nyuzi mbili unaofungana, akamshtaki. Singer alishindwa, akalipa dola 15,000. Kwa maoni yangu hukumu ilikuwa ya haki: Howe alikuwa na mshono, Singer alikuwa na mashine inayotumika. Mwaka 1856 wenye hati wakaafikiana kugawana malipo. Mwaka huo huo mwenzi wake Edward Clark, mwanasheria, akaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo, na hilo ndilo lililoziingiza majumbani mwa watu wa kawaida.

Mambo ya nyumbani kwake hayasimuliki kwa fahari. Alizaa watoto zaidi ya 20 na wanawake kadhaa, wengi wao bila ya ndoa, na mmoja hakujua habari za mwenzake. Mwaka 1860 alikutwa na mmojawapo barabarani New York akiwa garini na mwingine. Fedheha hiyo ikamkimbiza Ulaya. Mwaka 1863 alimwoa Isabella Boyer, na mwishowe akahamia Paignton, Uingereza, akaanza kujenga jumba kubwa.

Alifariki tarehe 23 Julai, 1875, jumba halijakwisha. Aliacha mali ya mamilioni ya dola, na wake waliobaki wakaenda mahakamani kuamuliwa nani mjane.