Dakika Nane za Kepler

Kabla ya kuingia huduma nilikuwa mhasibu. Mwisho wa mwezi mmoja vitabu vilikataa kubalansi kwa shilingi 400. Nilikuwa nimechoka, nikaziandika kwa matumizi mengineyo, nikaenda nyumbani. Nani angejua? Juzi nikisoma maisha ya Johannes Kepler, hizo 400 zilinirudia.

Kepler alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1571. Ndui ilimharibu macho akiwa mtoto. Alisomea uchungaji kule Tübingen, na huko mwalimu wake akamfundisha wazo ambalo Copernicus alikuwa amelichapisha mwaka wa 1543: Jua liko katikati, na Dunia ndiyo inayolizunguka. Kabla amalize masomo akatumwa Graz kufundisha hesabu. Mwaka wa 1600 akafukuzwa huko kwa kukataa kubadilisha dhehebu.

Akaenda Prague kwa Tycho Brahe, aliyekuwa na vipimo bora zaidi vya sayari siku hizo. Tycho alifariki mwaka uliofuata, Kepler akaendeleza kazi. Alipambana na sayari ya Mirihi kwa miaka. Alipata njia ya mviringo iliyokaribia sana vipimo vya Tycho, lakini ikakosea kwa dakika nane, yaani sehemu 8 kati ya 60 za digrii moja. Hiyo ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu tunavyouona. Wengi wangefunga vitabu hapo.

Yeye alijua Tycho hangekosea hivyo, basi kosa lilikuwa lake. Akatupa hesabu zake, akaanza upya. Ndipo akagundua kwamba sayari hazizunguki kwa duara kamili bali kwa duaradufu, duara lililovutwa kidogo. Alichapisha hayo mwaka wa 1609.

Maisha hayakumhurumia. Kanisa lake mwenyewe lilimnyima Meza ya Bwana kwa kuwa hakukubali kutia sahihi kila fundisho. Mama yake alishtakiwa uchawi akafungwa miezi 14, Kepler akamtetea hadi akaachiliwa mwaka wa 1621. Alifariki mwaka wa 1630 akiwa safarini, akifuatilia pesa alizokuwa anadai. Hata hivyo hakuacha kumwamini Mungu.

Wapendwa, nilimpigia simu mkubwa wangu wa zamani nikamwambia ukweli kuhusu zile 400. Alicheka sana, lakini mimi usiku huo nililala. Na wewe, dakika zako nane umezificha wapi? Wiki hii zirudie. Mungu akubariki.