Wally Schirra: Mtani wa wanaanga aliyenyamazishwa na moto

Asubuhi ya Oktoba 3, 1962, roketi aina ya Atlas iliondoka Cape Canaveral, Florida, ikiwa imebeba chombo kidogo kilichoitwa Sigma 7 na mtu mmoja ndani yake. Dakika chache baadaye, mwanaanga mwenzake Deke Slayton, aliyekuwa akizungumza naye kwa redio kutoka ardhini, alimuuliza swali lisilohusiana hata kidogo na safari ile. Alitaka kujua iwapo msafiri huyo ni kobe.

Walter Marty Schirra, ambaye wengi walimwita Wally, alifahamu mtego aliowekewa. Alikuwa mwanachama wa Chama cha Kobe, kikundi cha mzaha kilichoanzia katika vilabu vya pombe vya marubani wa kijeshi wa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Chama hakikuwa na ada. Kilikuwa na sheria moja tu ya kutisha: mwanachama akiulizwa swali hilo, popote pale na mbele ya yeyote, sharti ajibu papo hapo kwa maneno yaliyowekwa, bila kupunguza hata silabi. Akishindwa, huwanunulia vinywaji wanachama wote waliolisikia swali.

Tatizo ni kwamba jibu lenyewe lilimtaja punda, na kwa Kiingereza jina la mnyama huyo lina maana ya pili isiyotamkika mbele ya wakwe. Wanachama walijitetea kwamba kila kobe huhesabiwa kuwa mmiliki wa punda, hivyo anayesikia vinginevyo ndiye mwenye fikra chafu. Utetezi huo haungefua dafu mbele ya mamilioni ya raia waliofuatilia safari. Schirra aliachana na redio ya hadharani, akalitamka jibu lote kwenye kinasasauti cha ndani ya chombo. Deni likamwepuka.

Aliyefanya mzaha huo alizaliwa Machi 12, 1923, Hackensack, jimbo la New Jersey. Baba yake aliendesha ndege katika Vita Vikuu vya Kwanza na baadaye akawa akifanya maonyesho ya ndege katika sherehe za vijijini, huku mama yake akisimama juu ya bawa ndege ikiwa hewani. Kwa mtoto wa nyumba hiyo, hatari na burudani vilikuwa chakula cha sahani moja. Alihitimu chuo cha jeshi la majini cha Annapolis mwaka wa 1945, akapigana Korea ambako aliruka mara 90 vitani, kisha akawa rubani wa majaribio. Aprili 9, 1959, alitangazwa kuwa miongoni mwa wanaanga saba wa kwanza wa Marekani.

Mwezi uliofuata, saba hao walipelekwa kutazama roketi ya Atlas ikirushwa, ili wajionee chombo kitakachowabeba. Ililipuka juu ya vichwa vyao. Mmoja wao, Alan Shepard, alisema kwa kejeli kwamba anashukuru kasoro hiyo imeshapita.

Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa maana ya utani. Mtani ana ruhusa ya kumchokoza mfiwa hata matangani na hakuna anayenuna. Utani wa wanaanga hawa ulikaribia sana huo wetu, kwani nao ulikaa jirani na kaburi, na Schirra ndiye aliyekuwa mtani mkuu. Muuguzi wao, Dee O'Hara, alipomwomba sampuli ya mkojo, alikuta mezani pake mtungi mkubwa uliojaa maji, aidini na sabuni. Wageni nao walionyeshwa sanduku lililosemekana kuwa na nguchiro mkali. Walipoinama kuchungulia, springi ilifyatuka na mkia wa manyoya ukawarukia usoni.

Hata hivyo, ndani ya chombo Schirra alikuwa mtu mwingine. Mtangulizi wake, Scott Carpenter, alitumia mafuta mengi mno Mei 1962 na kutua kilomita 400 mbali na shabaha, umbali unaozidi ule wa barabara ya Nairobi hadi Eldoret. Schirra aliizunguka dunia mara sita kwa muda wa saa tisa na dakika 13, akiyabania mafuta kama mchumi wa kijijini, akatua takriban kilomita saba tu kutoka meli iliyomsubiri. Miongoni mwa vituo vya ardhini vilivyohudumia safari hizo kimoja kilikuwa Tunguu, Unguja. Kituo hicho kilizua ubishi mkubwa wa kisiasa visiwani, na serikali ya Mapinduzi ikaamuru kiondolewe mwaka wa 1964.

Machi 1965, Schirra alinunua mkate wenye nyama ya ng'ombe, akampa John Young aufiche mfukoni katika safari ya Gemini 3. Young aliutoa angani na kumpa kamanda wake, Gus Grissom. Chembe zikaanza kuelea, na Grissom akauficha haraka zisije zikaingia katika mitambo. Wabunge wa Marekani walikasirika, na wakubwa wa shirika la anga za juu, NASA, wakalazimika kujieleza.

Desemba 12 mwaka huo huo, Schirra na Tom Stafford walikuwa wamelala chali ndani ya Gemini 6 injini zilipowaka, kisha zikazimika baada ya sekunde moja na ushei. Saa ya chombo ilikuwa imeshaanza kuhesabu, ishara kwamba roketi imenyanyuka. Kanuni ilimtaka kamanda avute pete iliyokuwa katikati ya magoti yake ili viti viwarushe nje. Iwapo roketi ilikuwa imenyanyuka hata kidogo, ingeanguka na kuwateketeza. Schirra hakuhisi mnyanyuko wowote mgongoni mwake, na hakuvuta. Ilibainika kwamba plagi moja ya umeme chini ya roketi ilichomoka kabla ya wakati. Siku tatu baadaye walipaa na kukutana na Gemini 7, wakasogeleana hadi karibu sentimita 30. Hapajawahi kutokea jambo kama hilo kabla yake.

Halafu, Stafford akaripoti kwa sauti ya wasiwasi kwamba anaona chombo kisichojulikana kikitoka kaskazini, na rubani wake amevaa nguo nyekundu. Kabla wasikilizaji hawajajua la kufanya, Schirra alitoa kinanda cha mdomo alichokificha, Stafford akatikisa njuga, wakapiga wimbo wa Krismasi, Jingle Bells. Ndizo ala za kwanza za muziki kupigwa angani.

Januari 27, 1967, moto uliwaka ndani ya Apollo 1 ikiwa bado ardhini kwa mazoezi. Oksijeni tupu ilijaa humo na mlango ulifungukia ndani. Grissom, Ed White na Roger Chaffee wakafa. Grissom alikuwa rafiki wa Schirra na jirani yake wa Houston. Na Schirra, kiongozi wa kikosi cha akiba, alikuwa amemtahadharisha kwamba chombo kile hakimridhishi.

Schirra ndiye aliyekabidhiwa safari ya kwanza baada ya msiba huo, Apollo 7, na waliomzoea hawakumtambua. Aliwabana wahandisi juu ya kila kasoro, na kabla ya kuruka akatangaza kwamba atastaafu. Oktoba 11, 1968, alikasirika roketi iliporushwa licha ya upepo ambao, kama safari ingekatizwa, ungeweza kuwarudisha waangukie nchi kavu, ilhali viti vyao havikuwa imara vya kutosha kwa pigo hilo. Akapatwa na mafua, akabishana na waongozaji, akaahirisha matangazo ya televisheni hadi majaribio muhimu yakamilike, na akakataa kuvaa kofia ya chuma wakati wa kurudi. Wakubwa waliona ni utovu wa nidhamu. Lakini chombo kilifanya kazi kwa takriban siku 11, na miezi miwili baadaye Apollo 8 ikaelekea Mwezini. Wenzake, Donn Eisele na Walter Cunningham, hawakuruka tena.

Katikati ya ugomvi huo, kamera ilipowashwa hatimaye, Schirra aliinua kadi mbele yake. Ilikuwa na swali kwa Deke Slayton, ambaye sasa alikuwa mkubwa wake: iwapo yeye ni kobe.

Aliondoka NASA mwaka wa 1969, akiwa mtu pekee aliyeruka katika miradi ya Mercury, Gemini na Apollo, kisha akalipwa kutangaza dawa ya mafua. Alifariki Mei 3, 2007, akiwa na umri wa miaka 84. Februari 2008 majivu yake yalimwagwa baharini kutoka manowari ya USS Ronald Reagan.