Maisha ya Dakta Hans Berger

Mwanzoni mwa karne hii watu wa Sweden walibuni mchezo uitwao Mindball. Wachezaji wawili hukaa mezani wamevaa ukanda kichwani, na mpira husogezwa kwa mawimbi ya ubongo: aliyetulia zaidi ndiye ashindaye. Napenda kuwaeleza habari za mtu aliyeyagundua mawimbi hayo katika ubongo wa binadamu.

Hans Berger alizaliwa Ujerumani mwaka 1873. Alipokuwa askari kijana alianguka kutoka juu ya farasi, nusura asagwe na gurudumu la mzinga. Siku ile ile baba yake akampelekea simu ya maandishi kumjulia hali, kwa kuwa dada yake alihisi yumo hatarini. Berger akadhani fikira zake zimesafiri, akaazimia kuitafuta nguvu hiyo. Akasomea udaktari mjini Jena.

Fikira zisafirizo hakuziona. Lakini mwaka 1924 alifaulu kunasa umeme mdogo mno wa ubongo wa mtu. Mtu akifumba macho na kutulia, huja mawimbi kama 10 kwa sekunde, akiyafumbua, hufifia. Alitangaza habari hizo mwaka 1929, wengi wakamshuku, hata Adrian wa Cambridge alipozithibitisha mwaka 1934.

Yafaa tuseme kweli yote. Wakati wa Wanazi alishiriki katika mahakama iliyoamua nani afungwe uzazi kwa nguvu. Alifariki mwaka 1941.

Wanafunzi wenzangu, mimi naiheshimu subira yake, wala siziheshimu hukumu zile. Tutafute elimu, tusiuache utu.